Jinsi Seli za Ubongo Zinavyopima Nguvu za Maungano Yake

Katika vitabu vingi vya biolojia, mfumo wa fahamu hufananishwa na mtambo wa simu. Mwanafunzi huambiwa kwamba neva ni waya, ubongo ni kituo kikuu, na msukumo wa neva ni habari inayopita katika waya huo. Mfano huu una manufaa yake kwa siku ya kwanza ya somo, lakini ukiachwa uendelee hadi siku ya pili huanza kupotosha. Waya wa simu haubadiliki kwa sababu ya maneno yaliyopita ndani yake. Upitishe habari ya harusi au ya msiba, kesho utakuwa waya uleule. Ubongo hauko hivyo. Ujumbe unaopita kutoka seli moja hadi nyingine unaweza kupaacha mahali pale ulipopita pakiwa na nguvu zaidi, au pungufu, kuliko palivyokuwa kabla yake. Mabadiliko hayo madogo, yakijumlishwa, ndiyo msingi wa kujifunza na kukumbuka.

Katika makala haya tunakusudia kueleza jinsi nguvu hizo zinavyoongezwa na kupunguzwa. Kisha tutalitazama swali ambalo kwa maoni yetu ni gumu zaidi, na ambalo halipewi nafasi ya kutosha katika vitabu vya shule. Ikiwa kila tunapojifunza jambo maungano fulani huongezewa nguvu, ni kitu gani kinachouzuia ubongo usizidiwe na nguvu hizo? Msomaji atakayefuatana nasi ataona kwamba jibu lake linahitaji hesabu ya uwiano ya kawaida tu, pamoja na sumu ya samaki mmoja ambaye wavuvi wa pwani ya Afrika Mashariki wanamjua vyema.

Mahali seli zinapokutana

Ubongo wa mtu mzima una nyuroni, yaani seli za neva, zipatazo bilioni 86. Kila nyuroni ina mwili wenye kiini kama seli nyingine. Ina matawi mafupi mengi, yaitwayo dendriti, ambayo hupokea ujumbe. Na ina mkia mmoja, aksoni, unaopeleka ujumbe mbele. Aksoni ya seli moja haishikamani na dendriti ya seli inayofuata. Jambo hilo lilibishaniwa sana mwishoni mwa karne ya 19, na aliyelitetea kwa ushahidi mwingi wa hadubini alikuwa Mhispania Santiago Ramón y Cajal. Kati ya seli hizo mbili kuna mwanya wenye upana wa nanomita 20 hivi. Mtu akiigawa milimita moja katika sehemu 50,000 zilizo sawa, sehemu moja ndiyo upana wa mwanya huo. Mahali hapo pa kukutania, pamoja na kingo zake mbili, hujulikana kwa jina la sinapsi, ambalo lilianza kutumiwa na Mwingereza Charles Sherrington mwaka 1897. Nyuroni moja ya gamba la ubongo hupokea ujumbe kwa njia ya sinapsi maelfu kadhaa.

Msukumo wa umeme ufikapo mwisho wa aksoni hufungua milango ya kalsiamu. Kalsiamu ikiingia huvifanya vifuko vidogo mno vilivyopangika ukingoni vifunuke na kumwaga kemikali ndani ya mwanya. Kemikali hiyo tunaweza kuiita tarishi, kwa kuwa kazi yake ni ileile ya tarishi wa ofisini, yaani kuichukua barua katika chumba hiki na kuifikisha katika chumba kile bila kujua kilichoandikwa ndani. Katika sinapsi nyingi zenye kazi ya kuamsha, tarishi huyo ni glutameti. Ng'ambo ya pili glutameti hunaswa na protini ziitwazo vipokezi, nazo hufunguka na kuruhusu ioni za sodiamu ziingie. Volteji ya utando wa seli, ambayo katika hali ya utulivu ni kama milivolti 70 chini ya sifuri, hupanda kidogo. Sinapsi moja haitoshi kuiamsha seli. Seli hujumlisha michango ya sinapsi nyingi, na jumla ikifikia kiwango fulani ndipo nayo hutoa msukumo wake. Ziko pia sinapsi za kutuliza, zinazoivuta volteji ishuke. Tarishi wake mkuu huitwa GABA, nasi tutamhitaji baadaye.

Sasa, tunaposema kwamba sinapsi ina nguvu, tuna maana gani hasa? Jibu tunalitegemea kwa kazi ya Bernard Katz na wenzake mjini London, waliochunguza mahali neva ya chura inapokutana na msuli wake. Katika miaka ya mwanzo ya 1950 waligundua kwamba tarishi hatoki kama maji ya bomba. Hutoka kama mchele unaopimwa kwa kibaba: kifuko kizima, au hakuna. Waliona pia kwamba hata neva inapokuwa kimya, mara kwa mara kifuko kimoja hufunuka chenyewe, bila mpangilio wowote, na kuutikisa utando wa ng'ambo kwa kiasi kidogo sana. Tunamwomba msomaji aishike habari ya vitikiso hivyo vidogo, kwa maana vitatufaa sana mbele. Kutokana na kazi hiyo tunaweza kuipima nguvu ya sinapsi kwa kuzidisha mambo matatu: idadi ya mahali pa kutolea vifuko, uwezekano kwamba kila mahali patatoa kifuko msukumo ufikapo, na athari ya kifuko kimoja katika seli inayopokea. Tuseme mahali ni 10, uwezekano ni 0.3, na kifuko kimoja hupandisha volteji kwa milivolti 0.5. Basi kwa wastani kila msukumo utaleta milivolti 1.5. Seli ipokeayo ikiongeza vipokezi hata athari ya kifuko kimoja ikawa milivolti 1, nguvu ya sinapsi itakuwa milivolti 3, ingawa seli ipelekayo haikubadilisha lolote.

Kizibo cha magnesiamu

Mwaka 1949 mwanasaikolojia wa Kanada, Donald Hebb, alitoa kitabu alimopendekeza kwamba seli moja inaposhiriki tena na tena katika kuiamsha nyingine, muungano wao hupata nguvu zaidi. Yalikuwa mawazo tu, bila ushahidi wa maabara. Ushahidi ulipatikana mjini Oslo, Norwei, na kuchapishwa mwaka 1973 na Mwingereza Tim Bliss na Mnorwei Terje Lømo. Wao waliwapa sungura dawa ya usingizi, wakaingiza nyaya nyembamba katika sehemu ya ubongo iitwayo hipokampasi, na kuzisisimua aksoni kwa mipigo mingi ya haraka katika sekunde chache. Baada ya hapo walipoipima sinapsi kwa mpigo mmoja mmoja kama mwanzo, jibu lilikuwa kubwa kuliko kabla, na ukubwa huo ulidumu kwa muda wa kuanzia nusu saa hadi saa 10.

Kwa nini hipokampasi? Mwaka 1953 nchini Marekani mgonjwa mmoja wa kifafa, Henry Molaison, aliondolewa sehemu kubwa ya hipokampasi zote mbili ili kutuliza ugonjwa wake. Kifafa kilipungua, lakini tangu siku hiyo hadi kufa kwake mwaka 2008 hakuweza tena kuweka kumbukumbu mpya za mambo yaliyompata. Kwa hiyo sinapsi za hipokampasi zilipoonekana kubadilika na kudumu na badiliko hilo, wataalamu walikuwa na sababu njema ya kusisimka.

Lakini sinapsi inajuaje kwamba seli zote mbili zimeshughulika kwa wakati mmoja? Jibu lilionekana wazi mwaka 1984, nalo ni la kemia sahili kiasi kwamba mwalimu anaweza kulieleza kwa chupa na kizibo. Vipokezi vya glutameti ni vya aina zaidi ya moja. Aina ya kwanza, inayoitwa AMPA, hufunguka mara tu glutameti inapofika, nayo ndiyo hufanya kazi ya kila siku tuliyoieleza. Aina ya pili huitwa NMDA. Kipokezi cha NMDA nacho hufunguliwa na glutameti, lakini ndani ya tundu lake imekwama ioni ya magnesiamu. Ioni hiyo ina chaji chanya, na ndani ya seli iliyotulia kuna chaji hasi, kwa hiyo magnesiamu huvutwa kuelekea ndani na kuziba tundu. Glutameti peke yake, basi, haifai kitu. Mlango u wazi lakini kizibo kipo. Ikiwa wakati huohuo seli ipokeayo imekwisha kuamshwa, volteji yake inapanda, ule mvuto unapungua, na kizibo kinatoka. Hapo ndipo kalsiamu huingia kwa wingi. Kipokezi hiki kwa hiyo ni kama sanduku la kufuli mbili lenye funguo kwa watu wawili: mmoja hawezi kulifungua bila mwenziwe.

Kalsiamu iliyoingia huamsha vimeng'enya, na vimeng'enya huchochea vipokezi zaidi vya AMPA kupelekwa na kuwekwa katika utando wa sinapsi hiyo. Kijichomozo cha dendriti kinachobeba sinapsi nacho hukua. Hayo ni kazi ya dakika chache. Ili badiliko lidumu kwa siku nyingi, seli hulazimika kutengeneza protini mpya. Mwaka 1986 Richard Morris na wenzake waliwapa panya dawa ya kuziba vipokezi vya NMDA, kisha wakawatia katika birika la maji yaliyotiwa maziwa, ambamo mlikuwa na jukwaa lililofichika chini kidogo ya uso wa maji. Panya wa kawaida hujifunza upesi mahali pa jukwaa hilo. Waliopewa dawa waliogelea vyema, lakini walijifunza kwa shida kubwa. Tuongeze kwa kupita kwamba ketamini, inayotumiwa katika vyumba vya upasuaji vya hospitali nyingi za Afrika, huziba vipokezi hivyohivyo.

Kupunguza nguvu

Wengi wanaoeleza habari hii huishia hapo, kana kwamba kujifunza ni kuongeza tu. Hilo si sawa. Sanamu ya mpingo haipatikani kwa kuongeza mti. Mchongaji hupunguza, na kinachobaki ndicho sanamu. Mwaka 1992 Serena Dudek na Mark Bear walionyesha katika vipande vya hipokampasi ya panya kwamba mipigo 900 iliyotolewa polepole, mmoja kwa kila sekunde, huzidhoofisha sinapsi, na udhaifu huo hudumu. Idadi ileile ya mipigo ikitolewa kwa kasi ya 50 kwa sekunde huziimarisha. Katikati, penye kasi ya 10 hivi kwa sekunde, badiliko huwa dogo.

Ajabu ni kwamba mjumbe wa mambo yote mawili ni yuleyule. Kalsiamu ikiingia nyingi na kwa ghafula, huamka vimeng'enya vinavyobandika fosfeti katika protini, na vipokezi huongezwa. Kalsiamu ikiingia kidogo na kwa muda mrefu, huamka vimeng'enya vya kubandua fosfeti, na vipokezi huondolewa. Mwanafunzi asidhani, basi, kwamba iko kemikali moja ya kukumbuka na nyingine ya kusahau. Kipo kipimo, na matokeo hutegemea kipimo hicho kimefika wapi.

Jambo hili lina uzito kwa maisha ya watu. David Hubel na Torsten Wiesel walionyesha mwaka 1963 kwamba paka mchanga akifungwa jicho moja kwa wiki kadhaa za mwanzo wa maisha yake, maungano yanayoleta habari za jicho hilo katika gamba la ubongo hupoteza nguvu, na nafasi yake huchukuliwa na jicho lililo wazi. Jicho lenyewe ni zima, lakini ubongo umeacha kulisikiliza. Hivyo ndivyo ilivyo pia kwa mtoto aliyezaliwa na ugonjwa wa mtoto wa jicho. Akichelewa kufanyiwa upasuaji hadi awe mkubwa, lenzi yenye ukungu inaweza kuondolewa, mwanga ukaingia vizuri kabisa, na bado asione sawasawa. Mzazi au mwalimu anayeona weupe katika mboni ya mtoto mchanga hana sababu ya kungoja akue kwanza. Apelekwe hospitali mara moja.

Hatari iliyo katika mafanikio

Sasa turudi kwenye swali letu. Kanuni ya Hebb ina kasoro ambayo mtu yeyote aliyewahi kukopa kwa riba ataiona. Sinapsi ikipata nguvu, huiamsha seli kwa urahisi zaidi. Seli ikiamka mara nyingi zaidi, vizibo vya magnesiamu hutoka mara nyingi zaidi. Vizibo vikitoka, sinapsi hupata nguvu zaidi tena. Riba huzaa riba. Hata sinapsi za jirani, ambazo hazikuwa na habari yoyote ya maana, zitajikuta zikiimarishwa kwa sababu tu zilipeleka ujumbe wakati seli ilipokuwa tayari imeamka. Mwisho wake sinapsi zote zingefika kileleni, na seli ingejibu kila kitu kwa namna moja. Seli inayojibu kila kitu haijui kitu. Seli nyingi zinapofyatua misukumo kwa pamoja na kupita kiasi, hiyo ndiyo hali ionekanayo wakati wa degedege la kifafa. Upande wa kudhoofisha nao una shimo lake: sinapsi iliyodhoofika huiacha seli kimya, kalsiamu hupungua, na seli inaweza kunyamaza kabisa.

Watu hupenda kuufananisha ubongo na njia ya miguu katika nyasi, ambayo hupanuka kadiri inavyokanyagwa. Mfano huu ni bora kuliko ule wa simu. Hata hivyo nao unalisahau jambo hili, kwamba ubongo ambao kila njia yake inapanuka tu mwishowe ungekuwa uwanja mtupu, usio na njia hata moja.

Mwanafunzi wa sekondari amekwisha kukutana na mambo ya namna hii katika mada ya homeostasisi. Damu ikipoa, mwili hutetemeka. Ikipata joto, hutoa jasho. Na kipimo hubaki karibu na nyuzi 37. Je, nyuroni nayo ina nyuzi 37 zake, yaani kiwango cha misukumo inachokizoea na kukirudia?

Sumu ya bunju

Wavuvi wa pwani yetu wanamjua bunju, samaki anayejivimbisha mfano wa mpira akishikwa, na wanajua kwamba haliwi. Ini lake na mayai yake huwa na sumu iitwayo tetrodotoksini, ambayo haiondoki kwa kupikwa. Sumu hii huziba matundu ya sodiamu ambayo msukumo wa neva hupitia. Mtu aliyekula huanza kufa ganzi midomo, kisha misuli hulegea, na akifa hufa kwa kukosa pumzi. Kile kinachoifanya iwe hatari mezani ndicho kinachoifanya iwe na thamani katika maabara: hunyamazisha misukumo ya neva, lakini haizuii vile vitikiso vidogo vya Katz, kwa sababu kifuko kinachofunuka chenyewe hakingoji msukumo.

Gina Turrigiano na wenzake, wa Chuo Kikuu cha Brandeis katika jimbo la Massachusetts, Marekani, waliitumia sumu hiyo katika jaribio lililochapishwa mwaka 1998. Walikuza nyuroni za gamba la ubongo la panya katika visahani, wakaziacha ndani ya sumu kwa siku mbili. Misukumo yote ilikoma. Kisha wakapima vitikiso vidogo, kimoja kimoja. Vilikuwa vimekua, karibu mara mbili ya kawaida. Seli zilizonyimwa ujumbe zilikuwa zimeongeza usikivu wake, kama mtu anayetega sikio mahali penye ukimya. Katika visahani vingine walifanya kinyume chake: walitia dawa ya bikukulini, inayoziba vipokezi vya GABA. Seli zikikosa kutulizwa, zilianza kufyatua misukumo kwa wingi. Baada ya siku mbili, ingawa dawa ilikuwa bado imo, misukumo ilikuwa imerudi karibu na kiwango cha kwanza, na vitikiso vilikuwa vimepungua ukubwa. Seli ilikuwa na kiwango chake, na ilikirudia kutoka pande zote mbili.

Lililo bora zaidi katika jaribio hilo ni hesabu yake. Watafiti walipovipanga vitikiso kuanzia kidogo hadi kikubwa, na kuvilinganisha na vile vya seli za kawaida, waliona kwamba badiliko halikuwa la kujumlisha kiasi kimoja kwa kila sinapsi wala la kutoa. Lilikuwa la kuzidisha. Kila sinapsi, iwe dhaifu au yenye nguvu, ilikuwa imezidishwa kwa namba moja ileile.

Tuone umuhimu wa jambo hilo kwa mfano unaoweza kuandikwa ubaoni. Tuseme seli ina sinapsi tatu zenye nguvu 4, 6 na 10. Jumla yake ni 20, nayo ndiyo seli imeizoea. Seli inajifunza jambo, na sinapsi ya tatu inapanda kutoka 10 hadi 30. Sasa zipo 4, 6 na 30, na jumla imekuwa 40, mara mbili ya desturi. Seli ikitaka kurudi kwenye 20 kwa kutoa kiasi sawa katika kila sinapsi, itabidi itoe 6.67 katika kila moja; sinapsi ya kwanza na ya pili zitafutika kabisa, pamoja na kumbukumbu zilizokuwamo. Lakini ikizidisha zote kwa nusu, itapata 2, 3 na 15. Jumla ni 20. Ya pili ingali mara moja na nusu ya ya kwanza, kama zamani, na ya tatu ingali mara tano ya ya pili, kama ilivyojifunza. Seli imetulia, na hakuna ilichosahau. Mwalimu wa hesabu anayetafuta sababu ya kufundisha uwiano hatapata mfano mzuri kuliko huu, nasi tunamshauri ashirikiane na mwenzake wa biolojia kwa kipindi kimoja.

Namna seli inavyoitekeleza hesabu hiyo inafahamika kwa sehemu. Kalsiamu, mjumbe yuleyule, huingia katika mwili wa seli kila inapofyatua msukumo, kwa hiyo wastani wake kwa muda mrefu ni kama daftari la mahudhurio. Wastani ukishuka, vipokezi vya AMPA huongezwa katika sinapsi zote, ukipanda, hupunguzwa. Seli za glia, ambazo kwa muda mrefu zilihesabiwa kuwa ni gundi tu ya kuzishikilia nyuroni, nazo hushiriki kwa kutoa protini inayochochea ongezeko hilo. Msomaji atazame pia tofauti ya mwendo. Kuimarisha sinapsi moja ni kazi ya dakika. Kusawazisha zote ni kazi ya saa nyingi hadi siku kadhaa. Kama usawazishaji ungekuwa wa haraka, ungeifuta kila habari kabla haijasomwa.

Visahani vya maabara si ubongo, na hoja hiyo ilitolewa mapema na wenye mashaka. Mwaka 2013 Keith Hengen, Turrigiano na wenzao walitoa habari za panya wachanga waliofungwa jicho moja, huku nyuroni za gamba lao la kuonea zikipimwa siku hata siku wakiwa hai na wakizunguka. Misukumo ilishuka katika siku mbili za kwanza. Kisha, jicho likiwa bado limefungwa, ilipanda na kurejea karibu na kiwango kilichokuwapo kabla.

Kazi ya usiku

Kama nyuroni huongeza nguvu mchana kutwa, lini husawazisha? Giulio Tononi na Chiara Cirelli, wa Chuo Kikuu cha Wisconsin mjini Madison, walipendekeza mwaka 2003 kwamba ni wakati wa usingizi. Mlango wa macho na masikio ukiwa umefungwa, walisema, ndipo seli inaweza kuzishusha sinapsi zake bila kuingiliwa na habari mpya.

Kulipima hilo kulichukua miaka mingi. Mwaka 2017 watafiti hao, kazi ikiongozwa na Luisa de Vivo, walitoa matokeo ya kupima kwa hadubini ya elektroni sinapsi 6,920 za gamba la ubongo la panya wadogo. Baadhi ya panya walikuwa wamelala kwa saa kadhaa, na wengine walikuwa macho. Eneo la kukutania la sinapsi lilikuwa dogo zaidi kwa waliolala, kwa asilimia 18 hivi kwa wastani. Wapinzani wao huonyesha, kwa haki, kwamba ziko pia sinapsi zinazoimarishwa usingizini, na kwamba nyuroni za hipokampasi hurudia usiku mfuatano wa misukumo ya mchana. Mambo hayo mawili yanaweza kuwa kweli kwa pamoja, katika sinapsi tofauti.

Limo katika vipimo vile jambo moja linaloachana na hesabu yetu ya ubaoni. Kupungua hakukuwa kwa sinapsi zote. Moja ya tano hivi, yaani zile zilizokuwa kubwa kuliko nyingine, hazikupungua. Darasa linaweza kulifanyia kazi. Chukua zile sinapsi tatu zetu zenye nguvu 2, 3 na 15, na tuseme usingizi unapunguza kwa asilimia 18 mbili za kwanza tu. Asubuhi zitakuwa 1.64, 2.46 na 15. Jioni sinapsi ya tatu ilikuwa mara 7.5 ya ya kwanza. Asubuhi ni kama mara 9.1, ingawa yenyewe haikuongezewa chochote usiku kucha.